Laini ya Maji

Niliacha kazi ya mshahara mnono Nairobi nikaja kuketi juu ya kreti la soda dukani kwa mama yangu, hapa Kyambusya, mwendo wa saa nzima kwa pikipiki kutoka Kibwezi. Kila aliyeniona juu ya lile kreti alidhani nimefutwa. Wengine walinipa pole na mayai.

Sikufutwa. Nilijifuta mwenyewe. Kwa miaka sita nilikuwa nikiandikia kampuni moja programu za kamari. Ile rangi inayometameta ukikaribia kushinda, ule mlio mtamu unaokuambia jaribu tena, hizo zilikuwa kazi za vidole vyangu, na nilizifanya vizuri. Hilo ndilo lililoniuma. Siku moja binamu yangu Mwau, mwalimu wa shule ya msingi, alinionyesha simu yake kwa furaha, akaniambia kuna mchezo anaucheza kila jioni na siku yoyote sasa utamtoa kimasomaso. Hakujua umetoka wapi. Kabla hatujaachana akanieleza pia kwamba ameuza mbuzi wote wawili. Nilirudi ofisini nikaandika barua.

Bosi wangu aliitwa Githaiga. Ni mtu mwema, na nasema hivyo kwa sababu wapo wasomaji watakaotaka kumchukia. Aliisoma barua yangu, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Nduku, enda upumzike," akasema. "Kiti chako nitakiweka mpaka mwisho wa Agosti. Ukishindwa, rudi. Hakuna mtu atakucheka."

"Sitashindwa," nikamwambia. Ilikuwa Februari, na Februari mtu husema mengi.

Nilichotaka kutengeneza hakikuwa kitu cha ajabu. Kyambusya ina vioski vitatu vya maji: cha Kwa Mbithi, cha Shuleni, na cha Mtoni kule chini karibu na mto Athi. Kila kimoja kina vituko vyake. Leo pampu imegoma, kesho bomba limepasuka, keshokutwa mwenye ufunguo amekwenda matangani na ufunguo uko naye mfukoni. Mwanamke anatoka kwake saa kumi na moja alfajiri, anatembea saa nzima, anakuta bomba limekauka. Anaketi kwanza apumue, anailaani serikali, kisha anaanza kutembea kwenda kioski kingine akiomba Mungu kisiwe kama hiki. Akirudi nyumbani jua liko utosini na siku imekwisha. Mama yangu, Mumbua, aliishi hivyo miaka arobaini. Nilipokuwa mdogo nilidhani akina mama wote huzaliwa wakiwa wamechoka.

Basi nikaandika programu nikaiita Kiw'u, yaani maji. Ilikuwa hivi: uko kwenye bomba na kabambe yako, simu ya vibonyezo ya kawaida, unaiflashi namba niliyoiandika ukutani, kila kioski na yake, simu inakatika, na senti yako haijaguswa. Kompyuta inakupigia. Sauti ya mwanamke inakusalimu kwa Kikamba na kukuambia ubonyeze moja kama maji yapo, mbili kama hakuna, tatu kama yapo lakini foleni ni ndefu. Ukishabonyeza, kompyuta inawapigia wengine wote walioandikishwa na kuwapa habari hiyo hiyo. Mtu hahitaji kusoma wala kununua simu ya kuteleza kwa kidole. Anahitaji sikio tu.

Sauti ilikuwa ya mama. Tuliirekodi stoo, kati ya magunia ya unga, maana unga humeza mwangwi. Kila baada ya sentensi mbili mteja alibisha, mama akaenda kumpimia sukari, kisha akarudi na kuendelea mahali pasipofaa. Ilituchukua siku nne. Lakini ilipokamilika na simu yangu ikalia kwa mara ya kwanza na mama yangu akanisalimu kutoka ndani ya mashine niliyoiandika kwa mkono wangu, niliruka juu nikaangusha kreti. Miaka sita ya kamari haikuwahi kunirusha hata inchi moja.

Wiki ya kwanza ilienda vizuri, isipokuwa kwamba kuna mtu alibonyeza mbili wakati maji yanatiririka, akachota peke yake kwa raha zake huku wenzake wamebaki nyumbani. Nilicheka, kisha nikakasirika. Kamati ya maji ikakaa. Mwenyekiti, Mzee Nzomo, anayevaa koti hata jua likipasua mawe, akatoa uamuzi: anayetoa habari ajulikane.

"Atajwe boma lake," akasema, akilipigapiga daftari la kamati. "Kila boma liko hapa na jina la mwenyewe. Si ni rahisi?"

Niliwaambia namba ya simu inatosha. Wakanicheka. Kyambusya simu moja huhudumia nyumba nne, na laini hubadilishwa kama soksi. Walisema kweli. Basi nikakubali, na mama akarekodi sentensi moja zaidi: "Taja jina la mwenye boma."

Rahisi kwa Mzee Nzomo. Kwangu mimi ilikuwa miezi miwili. Ilibidi niifundishe kompyuta kuyasikia majina ya Kikamba mia mbili na kumi na mawili kwenye upepo, kwenye mlio wa jogoo, kwenye simu iliyodondoka mara tano. Niliwasomesha majina hayo wanakwaya wa sauti ya nne baada ya ibada, nikajisomesha mwenyewe hadi koo likakauka. Niliandika mistari elfu kumi na moja. Mwezi wa tano ulipokwisha, Kiw'u iliweza kumtofautisha Nzomo na Nzioka hata lori likipita, na mimi nilijiona mtu wa maana sana.

Basi nikaifungua laini, na watu wakanyamaza.

Si kwamba hawakupiga. Walipiga, arobaini, hamsini kwa siku. Walisikiliza salamu. Walisikiliza swali. Kisha, mahali ambapo jina lilipaswa kuingia, palikuwa na pumzi, mlio wa kuku, mtoto akilia kwa mbali, na simu ikakatwa. Wanaume wachache walitaja majina yao kwa sauti ya askari, lakini wanaume wa Kyambusya huenda kuchota maji mara moja kwa mwaka. Waliokuwa bombani ni wanawake, na wanawake walikuwa kimya.

Nilijua ni hitilafu. Mwandishi wa programu akikuta kimya hutafuta hitilafu, ndivyo tulivyofunzwa. Nikaongeza usikivu, nikasikia kuku vizuri zaidi. Nikabadilisha laini, nikabadilisha mlio, nikampa mtu sekunde kumi badala ya nne, nikapata sekunde kumi za kimya. Nilimfokea mama kwa kupiga chafya. Jumapili mchungaji alitangaza Kiw'u kanisani, na baada ya ibada akina mama walinishika mikono, mmoja baada ya mwingine, "Ni kitu kizuri sana, mwiitu, binti yetu," kisha wakaenda zao, na Jumatatu wakaniletea kimya kile kile. Nilianza kuwachukia kidogo. Nakiri.

Mwisho wa Julai Githaiga akapiga.

"Nasikia uko na users?"

"Wanapiga," nikasema.

"Wanapiga ama wanatumia?"

Yule mtu anajua mahali pa kugusa. Akaniambia Jumamosi ya mwisho ya Agosti ataipeleka familia Mombasa. Atawaacha wanywe chai Kibwezi, atapinda aje aone kwa macho yake. "Nikikuta watu, nitaenda zangu na nitakuombea. Nisipokuta, Jumatatu nikirudi unaingia kwa gari. Sawa?"

Nikasema sawa. Sikuogopa kurudi Nairobi, Nairobi kuna chips. Niliogopa kuketi tena kwenye kile kiti, niwe hodari tena katika kazi ile, na kuzoea.

Kilichofuata hakikutoka kichwani mwangu, na nitakisema kama kilivyokuwa. Ilikuwa Jumanne ya pili ya Agosti, mchana. Wateja hakuna. Mama alikuwa anachambua maharagwe juu ya kaunta, na mimi nilikuwa nimeziachia zile rekodi za kimya zicheze moja baada ya nyingine kwa sauti ya juu, sijui nikitafuta nini. Pumzi. Kikohozi cha mtoto. Ti-ti-ti.

"Huyo ni Mbula," mama akasema bila kuinua kichwa.

"Unajua aje? Hajasema kitu."

"Hiyo kikohozi ni ya kitinda mimba wake. Tangu Aprili." Rekodi nyingine ikaanza. "Na huyo Wayua. Sikia punda."

Tulisikiliza kimya ishirini na saba, na mama akazitambua ishirini na mbili: huyu kwa kuku, huyu kwa redio ya jirani, huyu kwa namna anavyovuta kamasi. Mistari yangu elfu kumi na moja haikuwa imetambua hata mmoja.

"Sasa hawa wote wameulizwa nini wakanyamaza hivyo?" mama akauliza.

"Si ni wewe uliwauliza, mwaitu?" nikamjibu mama yangu. "Ni sauti yako. 'Taja jina la mwenye boma.'"

Mkono wake ukasimama juu ya maharagwe.

"Boma la akina Mbula kwa daftari ya Nzomo limeandikwa nani?"

Nikaangalia. "Kyule Musembi."

"Huyo ni nani wake?"

"Baba mkwe wake."

"Na wewe unataka alitaje," mama akasema. "Kwa simu. Watu wakisikia." Kisha akaanza kucheka. Alicheka akiwa ameishika kaunta kwa mikono miwili, maharagwe yakamwagika, na hakuyajali.

Kwetu mke hatamki jina la baba mkwe wake. Haijaandikwa popote na hakuna anayekamatwa. Ni nthoni, ile haya ya heshima kati ya watu waliounganishwa na ndoa, na mwanamke aliyelelewa vizuri huibeba mdomoni mwake hadi kaburini. Usidhani sikuijua. Niliijua kama ninavyoujua mji mkuu wa nchi nisiyowahi kwenda. Nina miaka thelathini na minne, sijaolewa, na mdomo wangu haujawahi kukutana na jina lililokatazwa. Wanaume waliotunga swali lile nao hawakuwahi. Tuliketi kwenye kamati, wazee saba na msichana mmoja wa kompyuta, tukawauliza wanawake mia mbili kila alfajiri kitu ambacho hakuna hata mmoja wao angeweza kukijibu na kubaki na uso wake.

Na hapo ndipo lilipoingia moyoni: sijawahi kumsikia mama yangu akilitaja jina la babu yangu. Hata siku moja. Ndugu yangu aliyerithi jina hilo, mama humwita Mzee tangu akiwa ananyonya. Nilidhani ni utani wa nyumbani.

"Mbona hukuniambia tulipokuwa tunarekodi?" nikamwuliza, na sauti yangu haikuwa ya heshima.

"Ulinipa karatasi, nikasoma. Ulikuwa umekunja uso hivi. Nikafikiri ni wanaume mtauliza."

Nikataka kulia. Badala yake nikaanza kubuni papo hapo, maana ndivyo nilivyo. "Basi waseme jina la mtoto wao wa kwanza."

"Kijana wa kwanza huitwa nani?"

Jina la babu yake. Nikafunga mdomo, nikaufungua tena. "Basi majina yao wenyewe."

"Akina Mbula ni tisa huku kwetu."

"Basi kila mmoja nimpe namba."

"Namba ya nini? Ya jela?" Akaokota maharagwe mawili matatu kutoka sakafuni. "Wewe Nduku, ukienda bombani, mtungi wangu unaujua aje?"

Nikageuka. Mtungi wake ulikuwa mlangoni, wa plastiki ya manjano kama mitungi yote ya hapa, maana yote ilitoka mjini ikiwa na mafuta ya kupikia. Kwenye mshikio ulikuwa na matundu matatu ya msumari wa moto. Nimeujua tangu utotoni. Kwenye foleni za kwetu si watu wanaosimama, ni mitungi. Unaupanga wako, unaenda kivulini au unaenda kumwona mgonjwa, na mtungi unakusimamia. Hakuna anayeupita wala kuusogeza, kwa sababu kila mmoja ana alama yake na kila mtu anazijua alama zote: huyu kamba ya bluu, huyu kifuniko cha mti, huyu msalaba wa rangi ya dirisha. Mwanamke akiolewa hapa huchagua alama kabla hajazoea njia ya choo. Na juu ya mtungi hakuna nthoni.

Asubuhi iliyofuata nilifuta mistari elfu kumi na moja. Nilifanya hivyo nimesimama. Yeyote aliyewahi kubomoa ukuta alioujenga mwenyewe ataelewa kwamba iliuma hadi mstari wa elfu mbili hivi, kisha ikaanza kuwa tamu. Sikuhitaji tena kompyuta inayojua majina. Nilihitaji kompyuta inayokumbuka. Mwanamke anaisema alama yake mara mbili siku ya kujiandikisha, kwa maneno yake mwenyewe, na siku nyingine akiisema, sauti inawekwa kando ya sauti: zimefanana au hazijafanana? Basi. Mistari mia nne. Ilikuwa ndogo, ilikuwa nzuri, na nilijua ni nzuri kabla sijaijaribu, nikatabasamu peke yangu kama mtu aliyeokota pesa njiani. Mzee Nzomo nilimweleza kwa kifupi. Alilitazama koti lake kwa muda, kisha akasema wanawake wafanye wanavyojua.

Mama akarekodi swali jipya kwa pumzi moja: "Mtungi wako una alama gani?"

Wayua alikuwa wa kwanza, akipiga kelele kana kwamba kompyuta ni kiziwi: "Kamba ya bluu na kifuniko cha mti!" Mbula akafuata, taratibu, kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia ingawa nilikuwa na rekodi zake kumi na tisa: "Vitambaa viwili vyekundu." Nilizirudia sekunde zile mbili mara nyingi sana. Kufikia Ijumaa walikuwa sitini. Wiki iliyofuata nikaanza kuona namba nisizozijua, alama nisizozijua, lafudhi ya ng'ambo ya mto. Nikapiga kuuliza. Alikuwa mama mmoja aitwaye Kalunde, kiongozi wa akina mama wa kanisa upande wa Kitui, ambaye huvuka daraja la miguu kuja kuchota Mtoni. Alikuwa amewaandikisha wenzake ishirini na sita baada ya maombi ya Alhamisi.

"Nani alikufundisha?" nikamwuliza.

"Kwani ni kitu cha kufundishwa?" akasema Kalunde.

Jumamosi ya mwisho ya Agosti ikafika. Nilikuwa na mpango: nimpeleke Githaiga Kwa Mbithi, kwa sababu Jumamosi watu hufua nguo za kanisani na foleni ya pale hufika barabarani. Aone mitungi mia moja, azisikie simu zikilia, afunge mdomo. Alifika saa tatu, gari jeupe limekuwa jekundu kwa vumbi, yeye mwenyewe akiwa na kofia ya Mombasa tayari. Alimsalimu mama kwa mikono miwili na kumpa mkate. Tukaondoka.

Kwa Mbithi hapakuwa na mtu.

Nasema hapakuwa na mtu. Hapakuwa na mtungi hata mmoja, wala kelele, wala alama ya maji chini. Palikuwa na mbwa, na Kaveke mwenye ufunguo, ameinama juu ya pampu na spana. Githaiga alizima gari. Akasema polepole, "Nduku. Hawa watu wako wapi?"

Niliiona Jumatatu, nikaliona lile gari, nikakiona kile kiti kimefutwa vumbi kinaningoja. Nikashuka, nikamwendea Kaveke.

"Watu wako wapi?"

"Pampu ilikufa jana jioni," akasema. "Simu yangu nayo ikaisha chaji, singeweza kubonyeza."

"Na waliokuja asubuhi?"

"Alikuja mmoja."

"Mmoja?"

"Mbula. Akakuta kumekauka, akabonyeza simu, akaenda." Kaveke alijinyoosha, akajifuta mikono kwenye suruali. "Mimi mwenyewe nashangaa. Siku kama ya leo saa hizi ningekuwa nimetukanwa mpaka mama yangu mzazi. Hakuna mtu amekuja. Nafanya kazi raha mustarehe."

Nilikimbia hadi kwenye gari, nikaifungua laptop juu ya boneti ya moto. Saa kumi na mbili na dakika nne: vitambaa viwili vyekundu, mbili. Saa kumi na mbili na dakika tano, wengine wakiwa bado nyumbani wakingoja simu, Kiw'u ilikuwa imeanza kupiga. Simu mia moja arobaini na tatu. Zilizopokewa, mia moja thelathini na nane. Nilizisoma namba hizo, nikayatazama tena yale mawe matupu mahali ambapo kwa miaka yote ya maisha yangu nilikuwa nimewaona wanawake wameketi wakingoja maji yasiyokuja, na nikapiga ukelele ambao mbwa wa Kaveke aliubwekea.

"Githaiga! Hakuna mtu!"

"Naona hakuna mtu. Pole sana, kwa kweli..."

"Usinipe pole! Angalia! Hakuna mtu hata mmoja!" Nilikuwa nimemshika shati. "Mia moja thelathini na nane wamepokea habari. Hakuna aliyekuja. Hakuna aliyetembea bure!"

Aliitazama skrini. Akautazama uwanja. Alitazama skrini tena, na niliona uso wake ukibadilika polepole, maana yeye ni mtu wa hesabu na hesabu ilikuwa imeanza kumfikia. Maisha yake yote amepima programu kwa watu wanaokuja. Akavua ile kofia.

"Wako wapi sasa?"

"Mtoni. Wamebonyeza tatu tangu asubuhi. Ingia."

Mtoni tulifika saa nne. Huko ndiko ulimwengu ulikokuwa: mitungi ya manjano imejipanga kutoka bombani hadi kwenye miiba, mia na zaidi, kila mmoja na kamba yake au kitambaa chake au tundu lake, ya kwetu Makueni na ya ng'ambo Kitui imechanganyika. Wanawake walikuwa kivulini nyuma ya kioski wakisukana na kusemana. Githaiga alishuka akatembea kando ya foleni akiisoma mitungi kama mtu anayesoma mabango, na mimi nikamfuata nikiwa nimevimba kichwa, sitaficha.

Mwanzoni kabisa mwa foleni Wayua alikuwa anampakia punda wake mitungi minne iliyojaa. Kila mmoja ulikuwa umefungwa vitambaa viwili vyekundu.

"Hii si ni ya Mbula?" nikamwuliza.

"Ni yake. Nilipita kwake nikaichukua."

"Na yako?"

Akaninyooshea mdomo nyuma. Kamba ya bluu na kifuniko cha mti ilikuwa mbali, karibu na miiba.

"Mbona ya Mbula imetangulia?"

"Mwenye kubonyeza mbili anachotewa kwanza," Wayua akasema. "Ametembea bure ili sisi tusitembee. Sasa atapanga foleni tena?"

"Nani aliamua hivyo? Kamati?"

"Kamati?" Akacheka, na walio kivulini wakacheka naye. "Ni hivyo tu. Wiki ya pili sasa. Hata hawa wa Kitui wanajua."

Githaiga alinigeukia. Alikuwa akisema kwa sauti ya chini, kama mtu aliye kanisani. "Hiyo pia uliandika wewe?"

"Hapana," nikasema, na machozi yakanitoka mbele ya watu wote. "Hiyo sikuandika."

Kisha akasema kile kiti atampa mtu mwingine. Nikamwambia ampe leo leo.

"Ningependa nimsalimie huyo Mbula," akamwambia Wayua. "Yuko wapi?"

"Amelala."

"Ni mgonjwa?"

"Nani, Mbula? Mzima kabisa." Wayua alikaza kamba ya mwisho kwenye mgongo wa punda na kuipiga kofi kuona kama imeshika. "Alirudi nyumbani saa moja, akapika uji, akaona hana kazi. Sasa amelala. Nyumba yake ni ile ya mlango wa kijani njiani. Mkipita na hiyo gari, msipige honi."

Tulipita pale mwendo wa kobe. Githaiga alikuwa amezima redio, na hakuna kati yetu aliyesema neno hadi mlango wa kijani ulipobaki nyuma kabisa.